Soko la Maziwa Linapofunguliwa

Mazungumzo ya leo ni habari ya maziwa. Wala si maziwa ya kunywa nyumbani tu, bali maziwa ya kuuza. Ziko nchi ambazo kwa miaka mingi zilikuwa na mnunuzi mmoja mkubwa wa maziwa, na bei moja iliyowekwa na Serikali. Kisha siku moja Serikali ikasema, "Tangu leo kila mtu na auze kwa amtakaye, kwa bei wapatanayo." Desturi hii mpya huitwa soko huru. Je, siku ile ni nani afaidikaye, na ni nani aumiaye? Na Serikali yapaswa kumsaidiaje yule aumiaye?

Labda mtu wa Mahege atasema, "Habari hii yatuhusu nini? Sisi ni watu wa mpunga, korosho, nazi na samaki." Ni kweli. Tangu zamani nchi ya Rufiji haikuwa nchi ya ng'ombe, kwa kuwa mbung'o walikuwa wengi, na ugonjwa wa nagana wanaoueneza uliwamaliza ng'ombe. Lakini mwaka 2006 wafugaji walipoondolewa katika mabonde ya Usangu na Ihefu, wengi walishuka na mifugo yao mpaka Rufiji, Kilwa na Lindi. Leo katika wilaya ya Kibiti mtu huona makundi ya ng'ombe mahali ambapo babu yake aliona pori tupu. Kuja kwao kumeleta ugomvi wa mashamba na maji, na jambo hilo si la kufichwa. Lakini kumeleta maziwa pia. Palipo na maziwa patakuwa na mnunuzi, na palipo na mnunuzi patakuwa na shauri la bei. Heri tujifunze mapema kwa wenzetu waliotutangulia.

MAZIWA HAYANGOJI

Kwanza yatupasa tufahamu tofauti iliyopo kati ya maziwa na mazao mengine. Watu wa pwani yetu wanajua soko huru ni kitu gani, kwa sababu soko la korosho lilifunguliwa mwaka 1991, wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia. Wanajua pia kangomba, yaani ununuzi wa kumlalia mkulima mwenye shida kwa kipimo cha hila. Lakini korosho ikikaushwa vizuri hukaa ghalani miezi mingi. Ndiyo maana tangu mwaka 2007 iliwezekana kuanzisha utaratibu wa stakabadhi ghalani, kuanzia Mtwara: mkulima huweka korosho ghalani, hupewa stakabadhi yake, kisha hungoja mnada. Mwenye korosho aweza kusema, "Bei ya leo siitaki, nitangoja ya wiki ijayo."

Mwenye maziwa hawezi kusema hivyo. Maziwa ni ndugu wa kamba na samaki wa delta. Mvuvi afikaye bandarini na kamba wabichi, naye hana barafu, hana nafasi ya kubishana. Mwenye barafu ndiye mwenye bei. Vivyo hivyo maziwa yaliyokamuliwa alfajiri, katika joto la pwani, huanza kuharibika kabla ya adhuhuri, isipokuwa yapoozwe upesi mpaka kufika digrii 4 za sentigredi. Wala ng'ombe hawezi kuambiwa, "Leo soko limefungwa, usitoe maziwa." Asipokamuliwa, kiwele humvimba akaugua.

Kwa sababu hiyo Serikali nyingi ziliona zamani ya kwamba mfugaji asimame na mlinzi katika soko hili. Huko Uingereza, mwaka 1933, iliundwa bodi ya kuuza maziwa ya wafugaji wote wa nchi, nayo ilidumu mpaka mwaka 1994. Katika Afrika Mashariki mfano mkubwa ni ule wa jirani zetu wa Kenya, na habari yake yafaa kuelezwa kwa kirefu.

HABARI ZA KENYA

Mwaka 1925 walowezi wa Kizungu katika Kenya waliunda chama cha kusindika na kuuza siagi na maziwa, kiitwacho Kenya Co-operative Creameries, na watu wakazoea kukiita KCC. Kwa muda mrefu faida yake ilikuwa ya walowezi. Mkulima Mwafrika hakuruhusiwa kwa urahisi kufuga ng'ombe wa Kizungu mpaka mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Mwaka 1958 Bodi ya Maziwa ya Kenya iliundwa ili kuisimamia kazi yote. Baada ya uhuru, tume iliyoongozwa na Mwai Kibaki ilishauri mwaka 1965 ya kwamba mlango wa KCC ufunguliwe kwa wakulima wadogo, nao maelfu kwa maelfu wakaanza kupeleka maziwa yao.

Basi tangu hapo mambo yalikuwa hivi: Serikali iliweka bei, na KCC peke yake iliruhusiwa kuuza maziwa yaliyosindikwa katika miji. Serikali ilitoa pia huduma nyingine kwa bei ndogo sana: majosho ya kuua kupe, waganga wa mifugo, na kupandisha ng'ombe kwa mbegu za fahali bora. Tangu mwaka 1979 watoto wa shule za msingi walipewa maziwa bure kwa amri ya Rais Daniel arap Moi, nayo yakaitwa maziwa ya Nyayo. Mpango huo ulikuwa mnunuzi mkubwa wa KCC.

Utaratibu huu ulikuwa na uzuri wake, maana mfugaji alijua mapema ya kuwa maziwa yake yatapokewa, na kwa bei gani. Lakini ulikuwa na ubaya wake pia. Mnunuzi aliye peke yake hana wa kumwogopa. Malipo yalianza kuchelewa, gharama za kampuni zikazidi, na mfugaji aliyechoka kungoja hakuwa na mlango mwingine wa halali wa kubisha.

Mwaka 1992 Serikali ya Kenya ililifungua soko. Bei ikaachwa huru, na kampuni binafsi zikaruhusiwa kujenga viwanda. Na hapa ndipo nataka msomaji asimame afikiri. Miaka ile ile soko lilipofunguliwa, zile huduma za bei ndogo nazo zilikuwa zikiondolewa. Majosho yaliachwa mikononi mwa wenyeji, na mengi yakakauka. Bei ya kupandisha ng'ombe ilipanda, na wakulima wengi wakarudi kwa fahali wa jirani. Mfugaji aliambiwa, "Sasa u huru," na wakati uo huo fimbo aliyokuwa akiiegemea ikaondolewa. Hakupewa muda wa kujifunza kutembea bila ya fimbo.

Na KCC? Kampuni zilizokuwa mpya na nyepesi zilishindana nayo, nayo ilikuwa na madeni mengi. Kufika mwisho wa miaka ya 1990 wafugaji wengi walikuwa wamepeleka maziwa miezi kadhaa bila kulipwa. Mwaka 2000 ikauzwa kwa watu binafsi.

Ili tuone maana ya jambo hili, tupige hesabu kwa mfano. Tuseme yuko mjane mwenye ng'ombe mmoja atoaye lita 8 kwa siku. Ndama hunywa 2, nyumba hutumia 1, zinabaki 5 za kuuza. Kwa mwezi wa siku 30 ni lita 150. Mnunuzi asipomlipa miezi 3, mjane huyu amemkopesha lita 450. Aliyemkopesha ni kampuni yenye majengo na magari. Na aliyekopesha ni mtu mwenye ng'ombe mmoja, ambaye ada ya shule, chumvi na mafuta ya taa vyote vyatoka katika zile lita 5. Hakuandika hati ya deni wala hakuchukua rehani. Ndiyo maana twasema ya kuwa malipo ya maziwa si jambo la biashara tu, bali ni jambo la haki.

Hata hivyo wafugaji hawakulala njaa wote, kwa sababu walitokea watu wengine, yaani wachuuzi. Mchuuzi alikuja na baiskeli na madumu yake, akalipa taslimu siku ile ile au wiki ile ile, na mara nyingi kwa bei ya kuzidi ile ya kiwanda. Mjini aliyauza kwa bei ndogo kuliko maziwa ya pakiti, na mwenye kipato kidogo akaweza kununua kikombe kimoja. Lakini sheria haikumtambua mchuuzi wa maziwa mabichi mjini. Alikamatwa, maziwa yakamwagwa. Wenye viwanda walisema maziwa yake ni ya hatari.

Wataalamu wa Serikali ya Kenya pamoja na wale wa taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI, iliyoko Nairobi, walilichunguza jambo hili katika mradi ulioanza mwaka 1997. Waliona ya kwamba sehemu kubwa ya maziwa yauzwayo hupita mikononi mwa wachuuzi, na ya kwamba karibu watu wote huyachemsha maziwa kabla ya kuyanywa, na kuchemsha huua vijidudu. Wakauliza: badala ya kumfukuza mchuuzi, mbona asifundishwe? Tangu mwaka 2004 Bodi ya Maziwa ya Kenya ilianza kuwafundisha wachuuzi usafi na upimaji wa maziwa, na kuwapa leseni. Huo ulikuwa msaada kwa mfugaji pia, ijapokuwa hakupewa yeye fedha mkononi, maana mnunuzi wake alikoma kuwa mkimbizi.

Na mwaka 2003, wakati Mwai Kibaki, mwenye tume ile ya zamani, alipokuwa Rais, Serikali iliikomboa KCC kwa shilingi milioni 547 za Kenya, ikaianza upya kwa jina la New KCC. Safari hii haikurudishiwa upweke wake wa zamani katika soko. Iliwekwa ishindane na wengine. Kwa hiyo Kenya ilipata msaada, lakini ulikuja baada ya miaka kama 10 ya taabu.

NJIA YA AUSTRALIA

Sasa twende mbali kidogo, kwa kuwa wako watu waliofanya kinyume cha hayo: walitoa msaada siku ile ile ya kufungua soko. Hao ni watu wa Australia.

Huko nako Serikali za majimbo zilikuwa zimeweka bei ya maziwa ya kunywa, iliyozidi bei ya maziwa ya kutengenezea siagi na jibini. Mwezi wa Julai mwaka 2000 bei hizo ziliondolewa zote kwa mara moja. Lakini kabla ya siku hiyo kufika, sheria ya msaada ilikuwa imekwisha kupitishwa. Kila anunuaye lita moja ya maziwa ya kunywa alitozwa senti 11 za Australia, na ushuru huo ukawekwa katika mfuko mmoja. Kutoka mfuko huo wafugaji walilipwa kila robo ya mwaka, kwa muda wa miaka 8, kwa kadiri ya maziwa waliyouza mwaka 1998 na 1999. Aliyetaka kuiacha kazi kabisa aliweza kuomba malipo ya kuondokea, mpaka dola 45,000. Ushuru ule ulikoma mwaka 2009.

Je, msaada huo uliwaokoa wote? La. Mashamba ya ng'ombe wa maziwa yaliyokuwa kama 13,000 mwaka 2000, hayakufika 8,000 miaka 10 baadaye. Tena aliyekuwa na ng'ombe wengi alipata fungu kubwa, na mwenye wachache fungu dogo, maana hesabu ilifuata lita. Lakini aliyeondoka aliondoka akiwa na kitu mkononi, na aliyebaki alipata muda wa kulipa madeni na kutengeneza shamba lake.

Hapana nchi ya Afrika Mashariki iwezayo kuuiga mpango huo kama ulivyo. Ushuru ule uliwezekana kwa sababu karibu maziwa yote ya Australia hupita viwandani, na huandikwa katika vitabu. Kwetu maziwa mengi hutoka kiweleni yakaenda kwenye sufuria ya jirani, wala hayaandikwi popote. Huwezi kumtoza ushuru wala kumlipa fidia mtu ambaye lita zake hazikuandikwa. Basi la kujifunza huko ni wakati wa kutoa msaada, na faida ya kuandika hesabu.

NA KWETU TANZANIA

Katika nchi yetu Serikali iliunda shirika la maziwa, Tanzania Dairies Limited, katika miaka ya 1970, nalo lilikuwa na viwanda katika miji kama Dar es Salaam, Arusha na Musoma. Lakini kiwanda cha Dar es Salaam kilitegemea sana unga wa maziwa na mafuta ya siagi ya msaada kutoka ng'ambo, vilivyochanganywa na maji. Kiwanda kilikunywa kutoka mbali, na mfugaji wa karibu hakupata nguvu. Msaada ule ulipopungua na mitambo ilipochakaa, shirika lilidhoofika, na katika miaka ya 1990 viwanda vikafungwa au kuuzwa.

Huko Tanga mambo yalikwenda vingine. Tangu miaka ya 1980 Serikali yetu, pamoja na msaada wa Uholanzi, iliwasaidia wakulima wadogo kupata mitamba bora na mafunzo. Baadhi ya miradi ya namna hii katika nchi yetu hufuata desturi iitwayo kopa ng'ombe lipa ng'ombe: mtu hupewa mtamba, naye hulipa kwa kumpa mwenzake mtamba atakayezaliwa. Mwaka 1993 vyama vya wafugaji wa Tanga viliungana, na katikati ya miaka ile ya 1990, wakati viwanda vya Serikali vilipokuwa vikianguka, kiwanda cha Tanga Fresh kilizaliwa, na wafugaji wenyewe wakawa na sehemu yao ndani yake. Vyama viliweka matangi ya kupooza maziwa karibu na wafugaji. Tukumbuke lile neno la barafu. Hapa barafu ilikuwa ya mfugaji mwenyewe.

Baadaye Bunge lilipitisha Sheria ya Maziwa ya mwaka 2004, iliyounda Bodi ya Maziwa Tanzania. Kazi ya bodi hii si kununua maziwa wala kuweka bei. Kazi yake ni kuandikisha wafanyao biashara hii, kusimamia ubora, na kuikuza kazi yote ya maziwa.

MSAADA UPI NDIO MSAADA?

Tukizikusanya habari hizi zote, twaweza kuona mambo manne.

Kwanza, msaada una saa yake. Msaada ufikao pamoja na badiliko humpa mtu nafasi ya kujipanga; ufikao miaka 10 baadaye humkuta amekwisha kuuza ng'ombe. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Pili, msaada ulio bora ni ule umpao mfugaji wanunuzi wawili au zaidi wa kuchagua. Kumtegemeza mnunuzi mmoja tu kwa fedha za Serikali ni kumjengea mfugaji nyumba yenye mlango mmoja. Tangi la kupoozea, barabara ipitikayo masika, na mchuuzi aliyefundishwa, hivi vyote ni milango.

Tatu, uaminifu wa maziwa ni mali. Maziwa yaliyotiwa maji, au yaliyokamuliwa kwa mikono michafu, huwaharibia bei hata walio safi. Laktomita, kile kipimo cha kioo kieleacho ndani ya maziwa, humfunua mtia maji mara moja. Kipimo hicho kisiogopwe. Humlinda muuzaji mwema.

Nne, tuangalie msaada unaandikwa kwa jina la nani. Katika nyumba nyingi za wafugaji mwanamke ndiye akamuaye na kuuza, na fedha za maziwa ndizo zilishazo watoto. Chama kikija, daftari likaandikwa jina la bwana peke yake, malipo ya mwezi huenda kwa bwana. Maziwa yameongezeka bei, lakini fungu la mama limepungua. Hapo msaada umekosa njia.

Kwa ndugu zangu wa Mahege, Bungu na Kibiti, iwapo kesho atakuja mtu na gari lenye tangi akasema ananunua maziwa, mwulizeni maswali haya kabla ya kummiminia. Una leseni? Unalipa siku gani, na usipolipa siku hiyo tutafanya nini? Nani apimaye, nasi tuko tukiona? Maziwa yakikataliwa, je, yanarudi kwetu, au yanapotea? Kila mtu na awe na daftari lake dogo, aandike tarehe na lita, na mnunuzi atie sahihi kila siku. Ninyi wanafunzi mwaweza kuwaandikia wazee wasiojua kusoma. Hiyo ni kazi ya dakika mbili asubuhi, na siku ya ugomvi daftari lile litasema kuliko mashahidi kumi.

Na mwenye kununua maziwa kwa mama wa kifugaji apitaye mlangoni, na ayachemshe mpaka yafure kabla ya kuwapa watoto. Na amlipe siku ile ile.